Mkono wa Nani Uliopogoa

Velichko alikuja tarehe kumi na tano Februari,
siku moja baada ya kupogoa mizabibu Brestovitsa,
kucha zake bado na weusi wa magome,
koti likinuka mvinyo waliomwagia vidonda vya shina,
kama ilivyo ada ya kwao, na moshi.
Moshi kuliko mvinyo.

Nikamwambia: vua mkanda, vua saa, toa meno.
Akatoa meno. Na mkasi pia, aliousahau mfukoni,
akaulaza kwenye trei kama anayelaza kifaranga.

"Dawa hii itakupa joto," nikamwonya. "Utadhani umejikojolea.
Hujajikojolea."
Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi,
kikohozi kikaenda mbali, kikachelewa kurudi.

Vuta pumzi. Ishike.
Ishike hapo hapo, Babu Velichko, sekunde saba tu.
Akashika tano.
Tukarudia. Akashika sita,
ya saba nikampa bure.

Nyuma ya kioo mimi huwaona watu kabla hawajajiona.
Damu iliyotiwa dawa huwaka nyeupe,
hutoka moyoni kwa mashina mawili manene,
hugawanyika, hugawanyika tena, hadi ikawa nywele,
hadi ikawa ukungu tu pembezoni, karibu na mbavu.
Kwa mzima, ukungu huo umejaa.
Kwake haukuwapo.
Mashina yalikuwapo, matawi ya kwanza yalikuwapo,
halafu, kama sentensi ya mtu aliyeitwa mlangoni,
kimya.
Na kati ya matawi, mashimo meusi:
vyumba vilivyovunjwa kuta vikawa ukumbi mmoja
ambamo hewa huingia ikakaa,
haina wa kumkabidhi mzigo.

Daktari Iskra huiita emfisema.
Kompyuta haiiti kitu, inahesabu tu:
mishipa isiyozidi milimita tano za mraba,
imebaki mingapi.
Nilimuuliza Iskra kipi hutangulia,
kuta kubomoka au damu kukatika.
Akasema wataalamu bado wanabishana.
Akasema sigara haikungoja wamalize.

Velichko akaomba kuiona. Haturuhusiwi. Nikamwonyesha.
Alivaa meno kwanza, akasogea,
na aliyesema hakuwa mgonjwa, alikuwa mkulima:
"Huu kaupogoa mlevi.
Tazama, hakuacha hata jicho moja.
Mtu hukata ili uchipue, huacha macho mawili, hapa na hapa,"
kidole kikagusa kioo, kikaacha alama ya mafuta,
"huyu alikata, akaenda zake."

Miaka mingapi? nikauliza, ingawa fomu ninayo.
"Tangu jeshini. Hamsini na miwili.
Pakiti moja na nusu. Sikukuu, mbili."
Akatazama tena.
"Kwa hiyo ni mimi."

Sikujibu. Printa ilikuwa ikitoa karatasi ya mtu mwingine.

"Linachipua, pafu?"
Nilitaka kusema Machi.
Nilitaka kusema chochote chenye Machi ndani yake.
"Kilichobaki kinaweza kubaki," nikasema, "ukiacha leo."
Ni kweli, na ni kidogo,
na vyote viwili alivisikia.

Aliuacha mkasi kwenye trei.
Nikamkimbilia nao, ghorofa moja tu ya kushuka,
nikafika chini natweta.
Alikuwa ameketi kituoni, pakiti mkononi, haijafunguliwa.
Aliangalia mkasi. Aliangalia pakiti.
Akapokea mkasi kwa mkono uliokuwa mtupu.

Yangu ilikuwa mfukoni mwa koti jeupe.
Nilizihesabu kwa vidole bila kuzitoa: nne.

Basi la Brestovitsa likaja.
Akapanda kidato kimoja, akapumzika.
Dereva akazima injini, akamngoja
apande cha pili.